Je, wajua kwa nini seli za tembo hazina ukubwa wa tembo?

Ukiweka chini ya hadubini kipande chembamba cha ini la panya na kingine cha ini la tembo, kisha mtu akakuondolea vibandiko vya majina, utababaika kusema kipi ni cha nani kwa kutazama ukubwa wa seli peke yake, kwa kuwa seli hizo hukaribiana sana. Tembo hakujaliwa seli kubwa, bali seli nyingi. Swali la kwa nini mwili unapokua seli hugawanyika badala ya kunenepa hujitokeza mapema katika kozi za utangulizi wa biolojia chuoni, na wanafunzi wengi hulijibu kwa kukariri sentensi moja: seli inapokua, uwiano kati ya eneo la uso wake na ujazo wake hupungua. Sentensi hiyo ni sahihi kabisa, ila mtu anaweza kuiandika katika mtihani na kupata alama zake zote bila kuelewa ni kitu gani hasa kinachoikwamisha seli kubwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6 na ujazo wa sentimita moja ya ujazo, hivyo uwiano wake ni 6. Upande ukiwa sentimita 2, uso unafika 24 na ujazo 8, na uwiano unashuka hadi 3. Upande ukiwa sentimita 3, uwiano ni 2 tu. Katika seli, ujazo ndio unaokula na kuzalisha taka, ilhali uso, yaani utando wa seli, ndio mlango pekee wa kuingizia chakula na oksijeni na kutolea kabonidioksaidi. Walaji huongezeka upesi kuliko milango.

Maabara huonyesha jambo la pili, ambalo binafsi naliona kuwa kiini cha somo. Mwanafunzi hupewa jeli ya agari iliyotiwa kiashirio ambacho huwa cha waridi penye besi na kupoteza rangi penye asidi. Huikata michemraba mitatu yenye vipimo tulivyovitaja, akaitumbukiza katika asidi hafifu na kusubiri, huku waridi likififia polepole kutoka kingoni kuelekea ndani. Tuseme anaitoa na kuipasua katikati wakati asidi imepenya nusu sentimita kutoka kila upande. Mchemraba mdogo hauna tena rangi popote. Ule wa sentimita 2 umebaki na moyo wa waridi wenye sentimita moja ya ujazo, yaani sehemu moja ya nane. Ule wa sentimita 3 umebaki na sentimita za ujazo 8 kati ya 27, kwa hiyo karibu asilimia 30 yake haijaguswa na asidi hata kidogo. Zingatia kwamba asidi imesafiri umbali ule ule katika michemraba yote mitatu. Kilichoukosesha mkubwa ni umbali wa kufika katikati, na umbali huo hugeuka kuwa muda.

Mwaka 1855 mwanafiziolojia Mjerumani Adolf Fick alitoa kanuni za kihisabati za usambaaji, yaani namna molekuli zinavyoenea zenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uhaba. Katika kanuni hizo mna jambo ambalo akili hulikataa mwanzoni: umbali ukiongezeka mara 10, muda huongezeka mara 100. Oksijeni ndani ya maji huvuka mikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, ambao ni upana wa seli nyingi za wanyama, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Milimita 1 huichukua kama dakika nne, na sentimita 1 karibu saa saba. Seli yenye unene huo ingekuwa imekwishakufa katikati huku kingo zake zikiwa bado zinapumua.

Mwanafunzi mdadisi atauliza, basi kiini cha yai la mbuni, ambacho ni seli moja kubwa kuliko yai zima la kuku, huishije? Jibu ni kwamba sehemu kubwa yake ni akiba ya chakula isiyo na shughuli, na sehemu iliyo hai ni kibandiko kidogo tu juu yake. Bakteria *Thiomargarita magnifica*, aliyeelezwa rasmi mwaka 2022 baada ya kupatikana kwenye mikoko ya Guadeloupe, visiwa vya Karibea, hufikia urefu wa sentimita 1 kwa mbinu inayofanana na hiyo: katikati yake pamejaa mfuko wa majimaji, na sehemu inayofanya kazi imebanwa pembeni, karibu na utando. Seli za utumbo nazo huongeza milango kwa kuukunja utando wao kuwa vijinywele vingi.

Seli za neva ndizo zenye ujanja mkubwa zaidi, na hapo ndipo tembo anapompita panya hata kwa seli. Uzi wa neva unaotoka kwenye uti wa mgongo hadi unyayoni mwa binadamu hufika kama mita 1, lakini ni mwembamba mno, kwa hiyo oksijeni huingia kutoka ubavuni bila shida. Tabu iko kwenye protini, ambazo nyingi hutengenezwa karibu na kiini cha seli na zinahitajika ncha ya pili. Zikiachiwa usambaaji peke yake, zingechukua miaka mingi kufika. Kwa hiyo seli huzipakia kwenye vifurushi, na protini maalumu huvibeba zikitembea hatua kwa hatua juu ya vijinjia vilivyotandazwa ndani ya uzi, kwa mwendo unaoweza kufikia milimita 400 kwa siku. Kifurushi kilichoondoka mgongoni leo kitafika mguuni baada ya siku mbili na nusu hivi, na kwa tembo safari hiyo ni ndefu zaidi.