Je, wajua kwanini uthibitisho wa jiometri unamsaidia hata fundi, daktari na wakili?

Fundi ujenzi akitaka kujua kama kona ya msingi imekaa digrii 90 anapima mita 3 upande mmoja kuanzia kwenye kona, mita 4 upande wa pili, halafu anavuta futi toka alama hadi alama, ikisoma mita 5 kamili kona iko sawa, ikizidi au ikipungua anasogeza kamba anapima upya. Ukiuliza hapo imetumika kanuni gani karibu kila mtu atakwambia Pythagoras. Hajakosea sana, ila kuna kitu kidogo hapo wengi tulikipita mbio shuleni na mimi naona ndo kiini cha habari yote.

Kanuni ya Pythagoras inasema hivi: KAMA kona ya pembetatu ni ya digrii 90, BASI upande mrefu ukiuzidisha wenyewe kwa wenyewe unapata jumla ya pande mbili fupi zikizidishwa vivyo hivyo. Sasa fundi hajui kama kona ni digrii 90, hicho ndo anachokitafuta! Yeye anaanzia mwisho kurudi mwanzo, anajua 9 (3 mara 3) na 16 (4 mara 4) ni 25 (5 mara 5), vipimo vimekubali, na toka hapo anataka kuijua kona. Hiyo ni kauli nyingine kabisa, ni ile ya kwanza imegeuzwa, na kauli ikigeuzwa lazima ithibitishwe upya yenyewe kama yenyewe. Euclid, mwanahisabati aliyeishi Alexandria kama miaka 300 kabla ya Kristo, alilijua hilo vizuri. Kwenye sehemu ya kwanza ya Elements, kitabu chake cha jiometri, kauli ya 47 ni ya Pythagoras, na ya 48, ambayo ndo ya mwisho kwenye sehemu hiyo, ni ileile iliyogeuzwa, nayo ina uthibitisho wake. Hakusema tu "si inaeleweka".

Kwanini ajisumbue? Kwa sababu mara nyingi kauli ukiigeuza inakufa. Mfano, kila mraba una milalo miwili yenye urefu sawa (mlalo ni ule mstari wa toka kona hadi kona ya mbali). Haya geuza: umbo lenye milalo sawa ni mraba? Hapana, mstatili nao ni hivyohivyo, na hata trapeza (umbo la pande nne ambalo juu na chini ni sambamba ila urefu wake haulingani) ambayo pande zake za kando ni sawa. Ndo maana seremala akishaunga fremu ya mlango anapima toka kona hadi kona, mara mbili, zikilingana anasema fremu imenyooka na kweli imenyooka, lakini ujanja huo unafanya kazi kwa sababu tayari alishakata mbao zinazotazamana kwa urefu mmoja. Hilo ni sharti ambalo halitamkwi. Mpe mtu ujanja bila sharti, akate mbao ya juu fupi kuliko ya chini na za kando ziwe sawa, milalo italingana vizuri tu na fremu itakuwa imebinuka, na atabaki anashangaa kosa liko wapi wakati amepima.

Toka hapo hospitali. Malaria inaleta homa, hiyo kila mtu anajua. Je, homa maana yake malaria? Homa inaletwa na vitu chungu nzima, mafua makali, nimonia, taifodi, maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka, ndo aanze dawa, badala ya kutibiwa kwa kukisia kwa sababu tu mwili unachemka. Ukiangalia kwa jicho la jiometri hapo watu walikuwa wanakatazwa kugeuza kauli bila uthibitisho. Na kosa hilihili liko kila ofisi: mwizi akiulizwa maswali anababaika, basi huyu anayebabaika ndiye kaiba. Wangapi wamepoteza kazi kwa hesabu mbovu kama hiyo, na mtu alikuwa anababaika kwa sababu ana woga wake tu!

Lakini kuna namna moja ya kugeuza ambayo haikosei hata siku moja, na mafundi wazuri wanaitumia bila kuipa jina. Unageuza kauli na hapohapo unazikanusha pande zote mbili. Chukua fundi umeme, anajua kama fyuzi ya laini fulani imekatika basi hakuna soketi ya laini hiyo itakayofanya kazi. Anachomeka testa kwenye soketi moja ya laini ileile, taa inawaka. Kwahiyo fyuzi ni nzima, kwisha, hana haja ya kwenda kuifungua, na huo si ubashiri wala uzoefu tu, ni uthibitisho kamili. Soketi ikikataa je? Hapo hajathibitisha kitu bado, maana inawezekana soketi yenyewe ndo imeungua au waya umelegea. Fundi asiyejua tofauti ya hizo hali mbili ndo yule anayebadilisha vipuri kimoja baada ya kingine mpaka pesa ya mteja inaisha.

Ndugu yake wa karibu ni ule ujanja wa "tuseme ni kweli, tuone inatupeleka wapi". Kwenye Elements unatokea mara ya kwanza kwenye kauli ya 6, na kauli hiyo yenyewe ni ya 5 iliyogeuzwa: ya 5 inasema pembetatu yenye pande mbili sawa ina pembe mbili sawa, ya 6 inaanzia kwenye pembe. Euclid anasema haya, tuseme pembe ni sawa ila pande si sawa, anafuata hiyo njia hatua kwa hatua mpaka anafika mahali ambapo pembetatu ndogo inalingana na kubwa ambayo yenyewe imo ndani yake, kitu kisichowezekana, basi dhana ya mwanzo inatupwa. Programa anayetafuta kosa anafanya vilevile kila siku. Tuseme seva imelala, ingekuwa hivyo watumiaji wote wasingeingia, mbona nusu yao wanaingia? Basi si seva kulala, tuangalie kinachowatofautisha hawa na wale.

Kwa wanasheria kuna mfano unaojulikana, Abraham Lincoln, wakili aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Kwenye maelezo ya maisha yake aliyoandika mwaka 1860 alisema alisoma sehemu sita za Euclid na karibu azimudu zote, na hiyo ilikuwa baada ya kutoka bungeni mwaka 1849, yaani mtu mzima, tayari wakili, anakaa chini na pembetatu. Sioni ajabu. Kesi ya wizi kwa kawaida inataka mambo kadhaa yathibitishwe, kwamba kitu kilikuwa cha mtu mwingine, kilichukuliwa, bila ridhaa yake, na mchukuaji alikusudia, na kila moja linataka ushahidi wake. Matatu yakisimama kama mlima na la nne likakosa mguu, kesi imeanguka.

Na macho nayo yanadanganya jamani. Kuna chemshabongo ya zamani ya mraba wa 8 kwa 8, eneo 64, unaukata vipande vinne, pembetatu mbili na trapeza mbili, ukivipanga upya unapata mstatili wa 5 kwa 13, eneo 65! Kimoja kimetoka wapi? Ule mstari unaopita katikati haujanyooka, sehemu yake moja inapanda 3 kwa kila 8 na nyingine 2 kwa kila 5, yaani 0.375 na 0.4, tofauti ambayo jicho haliioni, ila pale katikati kuna mwanya mwembamba mrefu wenye eneo la 1 kamili. Mkaguzi wa hesabu anaishi na mianya kama hiyo. Ukurasa unaonekana umefunga, jumla zimepangika vizuri, na yeye kazi yake ni kukataa kuamini picha mpaka apitie mstari kwa mstari.

Ila isidhaniwe kwamba ukisoma jiometri tu akili inajinoa yenyewe. Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alilipima hilo kwa wanafunzi wengi na matokeo yake ya 1924 hayakuonesha jiometri ikiwapandisha uwezo wa kufikiri kuliko masomo mengine kwa kiasi cha maana. Harold Fawcett, mwalimu wa hisabati wa Marekani, naye mwaka 1938 alieleza jinsi alivyofundisha tofauti: wanafunzi walijitungia fasili zao wenyewe, wakakubaliana kipi wakipokee bila uthibitisho, halafu wakatumia utaratibu uleule kuchambua matangazo na hotuba. Kwahiyo tabia hiyo ya kudai sababu ni lazima uibebe mwenyewe kuitoa kwenye pembetatu hadi kazini kwako.

Namna rahisi ya kuibeba ni hii. Chukua ripoti au pendekezo lililoko mezani kwako, chora mstari katikati ya karatasi, kushoto andika kila kauli iliyomo, kulia andika sababu yake: ilipimwa, iko kwenye mkataba, inatokana na kauli ya pili na ya tatu. Patakuwa na nafasi tupu upande wa kulia, na pengine sehemu moja au mbili ambapo sababu ipo ila imegeuzwa. Hizo ndo za kwenda kumuuliza mwandishi kabla hujasaini.