Ureno haikuhalalisha dawa za kulevya

Wengi husema Ureno ilihalalisha dawa za kulevya. Si kweli, na kosa hili linapotosha mjadala mzima. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2001 iliondoa kosa la jinai kwa aliyekutwa na kiasi cha matumizi yake tu, kisichozidi cha siku 10. Dawa bado ni marufuku na hutaifishwa. Muuzaji bado hushtakiwa. Kilichobadilika ni mlango anaopitishwa mtumiaji: badala ya mahakamani, hupelekwa mbele ya jopo la watu watatu, akiwemo mwanasheria, linaloweza kumtoza faini au kumwelekeza kwenye matibabu. Kwangu hiyo ndiyo haki: mraibu habebeshwi rekodi ya jinai ya kumfungia milango ya ajira, na polisi wanapata nafasi ya kuwaandama wasafirishaji.