Asidi kali zaidi haisafishi vizuri zaidi
Wengi huamini kwamba kibadilisha joto (kifaa cha kuhamisha joto kutoka kimiminika au gesi moja hadi nyingine) kikiziba kwa ukoko, dawa ni asidi kali kuliko zote. Si kweli, na imani hiyo hutoboa mabomba. Asidi hidrokloriki huyeyusha ukoko wa chokaa haraka, povu la kaboni dayoksaidi likifoka, lakini kloridi zake huchimba vishimo kwenye chuma cha pua. Hapo afadhali asidi ya sitriki au sulfamiki, pamoja na kemikali ya kulinda chuma. Ukoko wenye mafuta hauguswi na asidi. Anza na alkali. Na povu likikoma usishangilie, tafadhali! Huenda asidi ndiyo iliyokwisha. Pima pH (kipimo cha uasidi; ikiwa chini, asidi ni kali) ya maji ya asidi yanayorudi kutoka kwenye kifaa: ikiendelea kupanda, asidi bado inaliwa, ikitulia chini, ukoko inaoufikia umeisha.