Moshi mweusi haumaanishi ringi zimekwisha

Gari la zamani likianza kutetemeka na kutoa moshi mweusi, hukumu hutolewa haraka: ringi (pete za pistoni) zimekwisha, injini ishushwe. Wengi wamelipia oveholi isiyohitajika kwa sababu hiyo.

Ringi zilizochoka hupitisha oili hadi kwenye chemba ya kuunguzia mafuta, na oili ikiungua hutoa moshi wa bluu. Moshi mweusi ni masizi, yaani mafuta yamezidi hewa. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Mafuta yakizidi sana hayaungui yote, na injini huanza kumisi, yaani kuunguza kwa kurukaruka.

Anza na filta ya hewa, hasa kwenye gari la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) au la dizeli. Ikiziba, umepata mshukiwa wa bei rahisi kuliko wote. Kwenye kabureta, angalia kama choki (kilango kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi) imeganda ikiwa imefungwa hata injini ikishapata moto, au kama sindano ya boya, inayofunga petroli kabureta ikijaa, inaacha petroli ifurike. Gari la injeksheni, ambalo kompyuta ndiyo hupima mafuta, hudanganywa na sensa ya joto la maji: ikisema injini bado baridi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta. Kwa dizeli, shuku nozeli zinazodondosha badala ya kupuliza ukungu.

Kwa injini ya petroli, fungua plagi pia. Masizi makavu yanaonyesha mafuta mengi. Plagi iliyolowa oili ndiyo inayorudisha lawama kwa ringi, au kwa sili za valvu. Na injini isifunguliwe kabla ya kupimwa kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Binafsi, fundi anayekwepa kipimo hicho simwachii gari.