Kemia ya mwaka wa kwanza, nusu kwa simu na nusu maabara

Nafundisha kemia ya utangulizi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, hapa Mtwara. Kwa miaka kadhaa sasa nusu ya somo wanalisomea kwao kwa simu, na nusu wanakuja kulifanya maabara siku za Jumamosi. Wanatoka Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, wachache Lindi mjini na Kilwa. Wengi wana shughuli zao: yuko mhudumu wa maabara ya zahanati, wako walimu wa shule za msingi, yuko kijana anayesimamia mikorosho ya familia. Kila kundi jipya likianza, swali la kwanza ni lilelile: "Mwalimu, kemia inasomeka kwa simu kweli?"

Inasomeka. Tatizo ni namna watu wanavyoigawa. Hudhani simu ni ya nadharia nyepesi, na maabara ni ya kuonyeshwa mambo ya kustaajabisha. Mimi nagawa hivi: kisichoonekana kwa macho kiende kwenye simu; kinachotaka jicho na mkono wako mwenyewe vikizoee kije maabara; na katikati yake kuna daftari na kalamu, ambavyo simu haiwezi kuvichukulia nafasi.

Atomu haionekani. Hata ukiwa umekaa mbele yangu darasani, ninachoweza ni kuchora duara ubaoni na kukuomba uniamini. Kwenye simu unaweza kuongeza protoni kwa kidole ukaona kaboni inageuka naitrojeni, ukaongeza elektroni ukaona chaji inabadilika. Programu ninazotumia sana ni za PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Nobeli mwaka mmoja kabla. Ni za bure, baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na nyingi ukishazipakua zinafanya kazi bila intaneti. Hilo la mwisho kwa mwanafunzi wa Tandahimba ndilo la kwanza.

Faida nyingine ya simu ni kwamba unaweza kunisimamisha. Katika darasa la watu sitini, mara chache mtu atanyoosha mkono aseme "rudia tena, sijaelewa." Nyumbani unanirudisha nyuma mara tano, na hakuna anayekugeukia kukutazama.

Sasa moli, maana hapo ndipo wengi wanapokwama, wawe darasani au mtandaoni. Mkulima akipeleka korosho ghalani kwenye chama cha msingi cha ushirika, hakuna anayekaa kuhesabu punje. Zinapimwa. Lakini wakagua ubora huchukua kilo moja ya korosho ghafi wakahesabu punje zake, na mara nyingi huwa kama 200 hivi. Ukishaijua namba hiyo, mzani umekuwa chombo cha kuhesabia. Gunia la kilo 80 lina punje kama 16,000, na hakuna aliyezigusa moja moja. Korosho zikiwa kubwa, kilo moja itakuwa na punje chache. Zikiwa ndogo, punje zitakuwa nyingi.

Moli ni kazi hiyohiyo. Atomu hazihesabiki kwa mkono, kwa hiyo tunazipima. Moli moja ya kitu chochote ina chembe 6.022 × 10²³. Tangu Mei 2019 namba hiyo imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili. Gramu 12 za kaboni, gramu 32 za salfa, gramu 18 za maji: kila fungu ni moli moja. Uzito unatofautiana kwa sababu punje zenyewe zinatofautiana uzito, ila idadi ni ileile.

Mwaka jana niliwapa zoezi la mfuko wa salfa ya unga wa kilo 25, ile ile inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Gramu 25,000 gawa kwa 32, unapata moli 781 na kidogo. Swali: ikiungua yote, itatoa salfa dioksidi kiasi gani? Mlinganyo ni mfupi, S + O₂ → SO₂, moli moja kwa moli moja. Kila moli ya salfa dioksidi ina gramu 64, kwa hiyo jibu ni kilo 50. Yule kijana wa mikorosho alinitumia ujumbe saa nne usiku: "Mwalimu, nimerudia mara tatu. Kilo 25 zinazaaje kilo 50?" Nilifurahi sana kwa swali lile. Sikumjibu, nilimwambia atazame upande wa kushoto wa mlinganyo kuna nani mwingine. Baada ya dakika chache akaandika neno moja: "Oksijeni." Zile kilo 25 nyingine zimetoka hewani. Kuanzia usiku ule hakuwahi tena kuniuliza kwa nini tunasawazisha milinganyo.

Lakini zingatia kwamba alirudia mara tatu, tena kwa kalamu. Hatari kubwa ya video ni kwamba ukimtazama mtu anakokotoa vizuri, unaona kama umekokotoa wewe. Unamaliza dakika kumi umeridhika, halafu unapewa swali lenye namba nyingine na mkono unabaki hewani. Ndiyo maana katika video zangu naandika swali, nanyamaza, na nakuomba usimamishe. Ukiendelea kutazama bila kusimamisha, umepoteza bando lako bure. Kazi za nyumbani nataka picha ya ukurasa wa daftari, na nataka nione mistari uliyoikata. Jibu sahihi lililonakiliwa kwenye kundi la WhatsApp halinipi habari yoyote. Mstari uliokatwa unaniambia kwamba ulizidisha mahali pa kugawa, na Jumamosi nitaanza na wewe.

Somo la moja kwa moja mtandaoni, wote mkiwa hewani saa moja jioni, nimeacha. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, na tarehe 12 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu. Intaneti nchi nzima ikadorora. Mimi nilikuwa nimepanga wiki ile mada ya asidi na besi, yote hewani. Waliofanikiwa kuingia walisikia sauti yangu inakatika kila neno la tatu, na waliobaki hawakusikia kitu. Sasa Jumamosi ya kwanza kila mtu anakuja na memori kadi, anaondoka na video zote za muhula, sauti peke yake kwa wenye simu zenye nafasi ndogo, na maandishi ya kurasa chache kwa kila mada. Mtandao natumia kwa maswali, na maswali hayali bando. Lugha ya mitihani yetu ni Kiingereza, lakini maswali ulizeni kwa Kiswahili. Mtu asiyeweza kumweleza mwenzake kwa Kiswahili kwa nini chumvi huyeyuka kwenye maji, bado hajaelewa, hata kama amekariri ukurasa mzima.

Kuna mambo machache ya kujaribu nyumbani, na nayapenda. Kamulia ndimu kwenye kipande cha jiwe la matumbawe au gamba la kombe, utaona mapovu madogo. Hiyo ni kaboni dioksidi, asidi ya ndimu inakula kalsiamu kabonati, dutu ileile inayochomwa kupata chokaa iliyojengea nyumba za kale za Mikindani. Loweka maua ya rozela kwenye maji ya moto, gawa vikombe viwili. Kimoja tia ndimu, kingine tia magadi. Cha ndimu kitabaki chekundu, cha magadi kitageuka kuelekea kijani au samawati. Hicho ni kiashiria cha asidi na besi, umekitengeneza jikoni. Usikinywe. Zaidi ya hapo msijaribu wenyewe. Hasa, msichanganye Jiki na dawa ya choo yenye asidi kwa ajili ya kuona kitakachotokea: hutoka gesi ya klorini, na katika chumba kilichofungwa inaweza kuua. Na mafuta ya ganda la korosho mnayajua yanavyobabua ngozi, msiyafanyie majaribio.

Maabara sasa. Zoezi la kwanza ni asidi ya haidrokloriki kwenye bureti, yaani mrija mrefu wa kioo wenye namba ubavuni na koki chini, na kwenye chupa sentimita za ujazo 25 za sodiamu kabonati iliyotengenezwa kwa gramu 5.3 katika lita moja, yaani moli 0.05 kwa lita. Kiashiria ni methili oranji. Unadondosha asidi hadi rangi ibadilike, unasoma bureti imetoa kiasi gani, ndipo unakokotoa kila lita ya asidi ina moli ngapi. Video yake wanaitazama kabla, na huwa wanakuja wamejua hatua zote kwa kichwa. Bado kuna mawili ambayo video haijawahi kumfundisha mtu.

La kwanza ni rangi. Methili oranji inatoka njano inakwenda machungwa, na tone moja likizidi inaingia wekundu. Kamera ya simu inajirekebishia mwanga yenyewe: kwenye mwanga wa taa njano inafifia, dirishani inakolea. Nimerekodi mara nyingi na sijapata video ambayo rangi yake ni ile niliyoiona. Weka karatasi nyeupe chini ya chupa, weka pembeni chupa ya mfano iliyokwisha fika, linganisha kwa macho yako.

La pili ni kusoma bureti. Uso wa kimiminika ndani yake umejipinda kama bakuli, na tunasoma sehemu ya chini ya mpindo, jicho likiwa usawa uleule. Hili kila mtu analiimba. Binti mmoja, mfupi kwa kimo, alikuja na jibu la sentimita za ujazo 24.60 mara tatu mfululizo, wenzake wote wakiwa 25.00 au karibu nayo. "Mwalimu, labda asidi yangu ni tofauti." Asidi ilitoka kwenye chupa moja. Nikamwomba arudie, safari hii nikatazama macho yake badala ya mikono.

Sifuri ya bureti ilikuwa juu ya kichwa chake, akaisoma akiwa ameinua uso. Ukitazama kutoka chini, mstari wa macho yako unakata kioo chini kidogo ya uso wa kimiminika, na bureti namba zake zinakua kwenda chini, kwa hiyo unasoma namba kubwa kuliko ilivyo. Alipoona sifuri, kimiminika kilikuwa kimepita juu ya mstari. Mwishoni uso wa kimiminika umeshuka hadi chini ya kidevu chake, akausoma akiwa ameinama kutoka juu, na hapo ni kinyume: namba inakuwa ndogo. Makosa mawili ya pande mbili hayakufutana, yalijumlishana. Asidi iliyomwagika ilikuwa zaidi ya aliyoiandika. Kwa 25.00 asidi ni moli 0.1 kwa lita, kwa 24.60 ni 0.1016. Mtu aliyesimama hapohapo, mrefu kwa kimo, asingeupata mkosi huo wa mara mbili.

Nikalegeza kibanio, nikashusha bureti hadi sifuri ikawa mbele ya macho yake. Mwishoni akapiga magoti sakafuni, gauni lake jeupe la maabara likagusa vumbi, akashika karatasi nyeupe nyuma ya kioo.

"25.05, Mwalimu."

Akaandika, akaanza ya pili kabla sijasema kitu.