Halmashauri mbili, barabara moja: mipango inakwamia wapi?

Kazi yangu ni mipango ya usafiri, na muda mwingi najikuta katikati ya halmashauri mbili zinazopakana, kila moja na ramani yake, bajeti yake na wahandisi wake. Watu wanadhani shida ni kwamba hawa hawaongei. Wanaongea sana tu! Vikao vipo, maazimio yapo, kinachokosekana ni hesabu moja.

Ukitengeneza modeli ya usafiri unagawa eneo lako kwenye kanda ndogondogo, halafu unakadiria watu wangapi wanatoka kanda hii kwenda ile, saa ngapi na kwa usafiri gani. Ndani ya mipaka yako unagawa hadi mtaa kwa mtaa, ila ukishavuka mpaka jirani mzima anakuwa kanda moja au mbili kubwa, "nje", basi imeisha. Na jirani kakufanyia hivyohivyo. Kwa hiyo yule anayelala huku na kufanya kazi kule, ambaye ndo yumo kwenye foleni ya asubuhi, kwenye makaratasi ya pande zote mbili ni mshale mnene unaopotelea pembeni ya ramani. Anashukia wapi? Hakuna anayejua.

Alafu kuna makadirio ya ukuaji. Huyu anaandika atapata viwanda na ajira, yule naye vilevile, ukijumlisha unakuta wafanyakazi walewale wamehesabiwa mara mbili na kila upande unataka kupanua barabara kwa ajili yao. Mimi siku hizi kabla sijaangalia mradi wowote naomba jedwali moja la wakazi na ajira la pande zote mbili, na kama namba hazijumlishiki hatuendi mbele, hata kama wakubwa wana haraka.

Mataa nayo ni kichekesho. Chukua makutano ya mwisho ya huku yenye mzunguko wa sekunde 90 (toka kijani kiwake hadi kiwake tena), na ya kwanza ya kule, mita mia mbili tatu mbele, yenye sekunde 110. Mizunguko hiyo itaanza pamoja mara moja kila dakika 16 na nusu, halafu inaachana tena, yaani dereva anayepita kijani huku kukutana na kijani kule ni bahati yake tu. Dawa yake ni mzunguko mmoja kwa wote, au mmoja uwe nusu ya mwingine, na saa za mitambo zisome sawa. Hela yake ndogo mno ukilinganisha na kujenga barabara, lakini nani akubali kubadilisha ya kwake?

Tukija kwenye mabasi, swali zito ni kilomita za ng'ambo analipia nani. Msipolijibu, basi litageuzia mpakani, abiria ashuke, atembee, akate tiketi nyingine. Hamburg, Ujerumani, walilishika hili mapema, mwaka 1965 wakaanzisha HVV, umoja wa kampuni za usafiri: tiketi moja hata ukibadilisha kampuni njiani, na mapato wenye vyombo wanagawana wao kwa wao. Ninaoupenda zaidi ni mfumo wa ZVV, umoja kama huo kule Zürich, Uswisi, ulioanza 1990: pengo la mapato, yaani gharama ambazo nauli hazifiki kuzilipa, nusu inabeba serikali ya jimbo, nusu manispaa, na mchango wa kila manispaa unategemea hasa huduma inayopata. Hapo manispaa ikidai basi zaidi inajua kabisa bili inakuja.

Marekani wao waliweka chambo. Sheria ya barabara kuu ya 1962 ilitaka miji yenye watu zaidi ya 50,000 iwe na mpango endelevu wa usafiri, unaofanywa kwa ushirikiano wa jimbo na serikali za mitaa, la sivyo miradi yao haipati hela ya serikali kuu. Undugu peke yake sijawahi kuona ukifika mbali kwenye hizi kazi, hela ndo inawaketisha watu.

Kwa hiyo kama mnaandika makubaliano na jirani, wekeni ndani mambo ya kuudhi: data inatunzwa wapi na kwa mfumo gani, mataa ya mpakani anatengeneza nani yakiharibika, gharama za basi mnagawana kwa kigezo gani. Na anayetaka kujitoa atoe notisi inayozidi mwaka mmoja wa bajeti, ili mwenzake asijikute na basi barabarani halafu kifungu cha kulilipia hakuna.