Ulimi haupimi maji

Ukija shuleni kwetu hapa Lamu, ukishakaribishwa kiti utaulizwa: "Maji ya mfereji au ya kisima?" Ya mfereji yatoka visima vya Shela, kwenye vilima vya mchanga, nayo ndiyo matamu. Ya kisima ni haya ya uani, yana munyu kidogo, ni ya kufulia na kuoshea miguu. Mtoto wa chekechea anaijua tofauti hiyo. Mtu aliyekulia kisiwani hugawa maji mafungu mawili, matamu na ya chumvi, akamaliza. Fungu la tatu, la maji matamu yenye maradhi, halimo kichwani mwake.

Mimi ndiye mwalimu wa afya hapa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kubishana na ulimi.

Utamu wa maji wakwambia jambo moja tu: chumvi ni chache. Mvua inayoangukia vilima vya Shela hupenya mchangani, ikakaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Tukivuta kupita kiasi ya chumvi hupanda, na hapo ulimi hung'amua. Kloridi, ile iliyomo katika chumvi, ikipita miligramu 250 hivi kwa lita, watu huanza kukunja uso. Bakteria wa kinyesi hawana ladha wala rangi. Shirika la Afya Duniani linataka katika kila mililita 100 za maji ya kunywa asipatikane hata E. coli mmoja, bakteria akaaye utumboni. Kipindupindu kilipoingia London mwaka 1854, mjane mmoja aliyekuwa amehama Broad Street aliendelea kuletewa maji ya pampu ya mtaa ule kwa vile aliipenda ladha yake. Yakamuua.

"Lakini ya mvua hayahitaji kupimwa, yametoka kwa Mungu." Kutoka kwa Mungu yametoka, ila yamepitia bati letu. Kaskazi nzima kunguru wamelala juu yake, na mvua ya kwanza ya mwaka huyachukua yote waliyoyaacha, ikayashusha kwa mlizamu hadi ndani ya jabia, tangi la kuhifadhia maji ya mvua. Maji ya mwanzo yamwagwe nje mpaka paa lioshwe. Hilo huwa halibishwi sana.

Linalobishwa ni samaki. Shule yetu ina birika la zamani la kuhifadhia maji, na bawabu wetu, ambaye sote twamwita Ami, hulitunza kama jicho lake. Ndani mna visamaki vidogo, kama vile vya mabirika ya misikitini. Nilipomwambia nataka kulipima, alicheka. "Mwalimu, kipimo si hicho kinaogelea? Siku wakifa ndipo tusiyanywe."

Ami hakosei katika kila kitu. Visamaki vile hula viluwiluwi vya mbu, na wazee waliovitia hawakuwa wajinga. Lakini samaki haendi chooni akarudi na habari. E. coli hamdhuru, wala yeye hamli. Tena samaki aliye hai atakwambia neno jingine ambalo Ami hakulitarajia: maji hayo hayana klorini, dawa ya kuulia vijidudu, ya kutosha kuua kitu, maana klorini ingeanza na yeye.

Tulipima. Zipo chupa ndogo zenye karatasi iliyotiwa dawa: bakteria wa aina zinazokaa utumboni wakiwamo, hutoa gesi ya salfaidi, na maji yakageuka meusi. Hazihitaji umeme wala mashine. Joto la Lamu latosha, nawe wangoja siku moja mpaka mbili. (Yakigeuka meusi papo hapo usitangaze lolote. Kisima chenye harufu ya yai bovu kina salfaidi yake mwenyewe.) Nilipanga tatu kwenye dirisha la chumba cha walimu: ya birika, ya tangi la maji ya mfereji, na ya ndoo ya darasa la nne, ambayo hujazwa kutoka tangi lile lile kila asubuhi.

Kesho yake ya birika ilikuwa nyeusi kama wino wa pweza, na Ami akanyamaza. Ya tangi ilibaki vile vile. Ya ndoo nayo ilikuwa nyeusi. Walimu walinigeukia kana kwamba nimezichanganya.

Sikuzichanganya. Nilikwenda kusimama mlangoni mwa darasa la nne wakati wa mapumziko. Kata moja, mpini wake mfupi. Mtoto anachota na vidole vyake vinne vinazama, anakunywa, anairudisha kata majini inaelea. Nilihesabu watoto kumi na saba, nikaacha. Kwa hiyo anayechukua maji kwenye tangi na kusema "ya shule yamepimwa" amepima tangi. Watoto hawanywi tangini.

Na cheti cha kupimwa maji kilichobandikwa ofisini? Kinasema kweli, kuhusu siku ile. Mvua moja kubwa, choo cha shimo kikafurika kwenye mchanga na tumbawe, na kisima cha jana si cha leo. Hata chupa yenyewe ina adabu zake. Sampuli iliyotiwa katika chupa ya soda, ikangojea maji yajae ndipo mashua iondoke, ikachomwa jua njia nzima, haipimi kisima tena. Chupa iwe imeuliwa vijidudu, imetiwa kemikali ya kuzima klorini ikiwa maji yana dawa, ikae kwenye barafu, ifike maabara kabla ya saa 24.

Mzazi mmoja aliniuliza kwa nini tusichemshe tu tukapumzika. Kuchemsha kwaua vijidudu, hapana shaka. Chumvi na nitrati, kemikali itokanayo na uchafu kama wa chooni, hazifi, tena maji yakipungua sufuriani huzidi ukali. Nitrati huwadhuru hasa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa, si wa darasa la nne, lakini zikiwa nyingi ni dalili mojawapo kwamba choo na kisima vinaonana. Na harufu ndogo ya dawa inayowakera wengine? Klorini ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita ndiyo twaitafuta. Nikiikosa ndipo nahangaika.

Ndoo sasa zina vifuniko na vibomba chini, na kata zimerudi jikoni. Samaki wapo, maji yao ni ya bustani. Juzi Ami aliniomba chupa moja ya ziada, hakusema ya nini. Leo asubuhi ameileta imejaa, imefungwa kwa kitambaa safi, na kikaratasi kimeandikwa "kwangu". Nimeiweka dirishani.